Kishimo cha Kidole Gumba

Nilibonyeza mguu wa mtoto wa mke mwenzangu kwa kidole gumba, upande wa juu, nyuma kidogo ya vidole. Nilihesabu hadi tatu, kisha nikaondoa kidole. Kishimo kilibaki. Nilikitazama kikijaa polepole, kama alama ya kwato kwenye tope laini. Nilijua maana yake, na katika boma lile lote mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nikamrudishia soksi yake, nikamlaza mkekani alivyokuwa, nikanyamaza siku tisa.

Ili nieleweke lazima nirudi nyuma mwaka mmoja na mwezi mmoja.

Tulikuwa wake wawili wa mume mmoja, nyumba zetu zikitazamana, upande wa Uriri, miwa mbele na mahindi nyuma. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Kwa Kiluo mke mwenza huitwa nyieka, neno lililo ndugu ya neno la wivu, na kwetu hakuna anayeshangazwa na hilo. Nyieka alikuwa na mabinti wawili. Mimi sikuwa na mtoto. Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, yeye alitangulia kushika mimba na mimi nikafuata miezi miwili baadaye. Nilizihesabu siku zake kabla ya kuhesabu zangu. Nilijua angejifungua lini, na nilijua kwamba wangu angezaliwa watu wakiwa wamekwisha kuchoka kushangilia.

Mambo hayakwenda hivyo. Nilikuwa nimekwenda Sindo kumtazama mama yangu aliyekuwa akiumwa. Asubuhi moja, nikiwa nimeinama kugeuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, walioanikwa ufukweni, maji yalinitoka. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Kufikia alasiri nilikuwa Homa Bay hospitalini, na kabla jua halijatua nilikuwa mama wa mtoto wa kiume mwenye uzito wa kilo moja na nusu.

Tangu utotoni nina tabia ya kuandika ninachokiona. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi kwa muda bila kusomea ualimu, na daftari halikuniacha. Siku ya pili niliomba kalamu, nikaandika hivi: ngozi nyekundu, unaona mishipa. Masikio laini kama majani ya kunde, ukiyakunja yanabaki yamekunjika. Manyoya mabegani. Makalio hana, kuna mikunjo miwili tu ya ngozi. Kucha hazijafika mwisho wa vidole. Analia kama mlango wa kabati.

Muuguzi wa chumba kile cha watoto njiti hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mikavu na yenye joto. Aliniambia kwamba mtoto hujazwa mafuta miezi miwili ya mwisho.

"Wako ametoka kabla hajavaa," alisema. "Ana mfupa, ana nyama kidogo, lakini hana blanketi la ndani. Kwa hiyo blanketi ni wewe. Fungua blauzi."

Nilimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, nikafungwa leso juu yake. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba mara nyingine niliinamisha kichwa kuhakikisha yupo. Maziwa alipewa kwa mrija wa puani, baadaye kwa kikombe kidogo. Kila asubuhi alivuliwa kila kitu, akalazwa kwenye mizani, nami nikaandika. Siku za kwanza alipungua. Siku ya tisa aliongezeka gramu tisini kwa mara moja, nikacheka mpaka mama wa kitanda cha pili akageuka kuniangalia.

Muuguzi hakucheka. Aliushika mguu wa mwanangu, akaubonyeza kwa kidole gumba, akahesabu, akaondoa. Kishimo kilibaki.

"Unaona? Hii si nyama. Haya ni maji."

"Lakini mizani..."

"Mizani inajumlisha tu, mama. Mfupa, nyama, mafuta, maji, hata mkojo ambao hajautoa. Haikuambii kipi ni kipi. Ukifurahia maji leo, utalia kesho." Akanishika kidole changu, akakiweka mahali pake. "Bonyeza wewe. Usiogope. Hesabu mpaka tatu."

Ndivyo nilivyojifunza. Maji yale yalimtoka baada ya siku chache, uzito ukashuka tena, kisha ukaanza kupanda kwa haki. Muuguzi yule pia ndiye aliyetuambia akina mama wote kwamba mtoto akifika umri wa kula tusimpe uji mtupu, tumtwangie omena wakavu mpaka wawe unga na kuutia humo. Haya mawili, kidole na unga, nilitoka nayo Homa Bay. Yaliyotokea baadaye yanahusu nilivyoyatumia na nilivyoyaficha.

Mume wetu alikuja siku ya tano tangu nijifungue. Alisimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, akimtazama mtoto kifuani pangu kana kwamba anatazama kidonda.

"Nyieka wako amejifungua," alisema. "Juzi. Wa kiume."

Siku mbili baada yangu. Yeye kwa wakati wake, mimi kabla ya wakati wangu, tukakutana mlangoni.

"Kilo ngapi?" niliuliza. Sikuuliza kama mama yake yu mzima.

"Nne kasoro kidogo. Wamemkuta na mashavu. Huyu naye?"

"Moja na nusu."

"Moja na nusu nini?"

"Kilo."

Alicheka kidogo bila ubaya. "Pakiti ya sukari na nusu," alisema, akagusa kofia ya pamba ya mtoto kwa ncha ya kidole. Alikuwa akijaribu kunifariji. Nimeyakumbuka maneno hayo kwa miaka mingi kwa sababu nyingine: ndani yake nilisikia kilo nne za yule mwingine.

Tulirudi Uriri baada ya wiki saba. Mwanangu alikuwa na kilo mbili na robo. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha ya watu, nikakuta wamekaa chini ya ghala, nyieka katikati, mtoto wake akinyonya. Nitasema ukweli: kabla sijawasalimu nilimhesabu yule mtoto. Alikuwa na mikunjo mitatu katika kila paja na mmoja katika kila kifundo cha mkono, kama aliyefungwa uzi. Kidevu kilikuwa na kidevu kingine chini yake. Maziwa yalikuwa yakimwagika pembeni mwa mdomo wake na hakuna aliyejali, kwa kuwa yalikuwepo mengine.

Mama mkwe alinyanyuka, akafunua leso yangu, akatazama ndani kwa muda.

"Nyar Sindo," alisema, binti wa Sindo, ndivyo walivyoniita. "Wenzako huenda kwao wakarudi na samaki mkubwa. Wewe umetuletea omena."

Watu wakacheka, hata mimi. Jina likamshika. Kuanzia siku ile mwanangu aliitwa Omena, na mpaka leo wapo wanaomwita hivyo, mtu mzima mwenye ndevu.

Kuna jambo lililoniuma kuliko jina. Kwetu mtoto hufungwa uzi wa shanga kiunoni, naye bibi ndiye mwenye kuufunga. Uzi huo ni pambo, na pia ni kipimo. Ukikaza, mtoto anashika mwili, na bibi anauongeza kwa fahari. Ukilegea, watu wanaanza kuulizana. Mtoto wa nyieka alikuwa na shanga zake za bluu na nyeupe tangu wiki ya kwanza. Nilingoja zangu. Wiki ya pili nikauliza.

"Bado," alisema mama mkwe. "Kwanza ashike."

Ashike nini? Ashike dunia. Alimaanisha kwamba mtoto wangu hajahesabiwa bado, na kwamba hafungwi shanga mtu ambaye huenda akavuliwa kesho. Hakuwa mkatili. Alikuwa amezika watoto wanne. Lakini mimi nilimwona mwanangu akiwa na kiuno kitupu, na ng'ambo ya ua shanga zikimeta.

Nyieka mwenyewe hakuwahi kunicheka. Angenicheka, ingenisaidia. Siku moja aliniona nikikamua titi nikipata kijiko kimoja, akaja akakaa karibu.

"Nipe nimnyonyeshe kidogo. Mimi yananimwagikia bure."

"Ameshiba," nilisema.

"Omena? Amelia tangu asubuhi."

"Nimesema ameshiba, nyieka."

Alinitazama, akanyanyuka, akaenda. Mwanangu alilia mpaka adhuhuri. Nilikuwa tayari alie kuliko kumwona akinenepa kwa maziwa ya mwanamke yule.

Kila mwezi tulikwenda pamoja kwenye zahanati ndogo chini ya barabara. Mtoto alivishwa kaptura ya kitambaa na kuning'inizwa kwenye mizani, na muuguzi akatia nukta kwenye kadi. Kadi ilikuwa na mistari miwili inayopanda, na nukta zilitakiwa kupita katikati kama njia. Za mtoto wa nyieka zilipanda juu ya mstari wa juu. Za mwanangu zilikuwa chini ya ule wa chini, hazikugusa barabara kabisa. Nyieka hakujua kusoma. Tukirudi aliniomba nimweleze kadi yake, nami nilimweleza kwa usahihi, neno kwa neno, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Muuguzi wa zahanati alikuwa kijana, mpole, na mwenye foleni ndefu. Aliwahi kunivuta pembeni.

"Usimshindanishe na yule. Wako mtolee miezi miwili. Akiwa na sita, mhesabie minne."

Niliitoa kwenye daftari. Moyoni sikuitoa hata siku moja.

Kisha mambo yakageuka kidogo. Kuanzia mwezi wa tano Omena alianza kunywa maziwa, yangu na ya ng'ombe, kama anayelipiza kisasi. Mashavu yakaja, tumbo likaja, makalio yakatokea. Nukta zake zikapanda kwa kasi mpaka zikavuka mstari wa chini. Mimi nilitembea kutoka zahanati nikiwa nimemgeuza uso nje ili watu wamwone. Muuguzi alifurahi pia, lakini alimlaza kwenye ubao akampima urefu, akazungusha utepe wa rangi tatu kwenye mkono wake, akasema mafuta yanakuja upesi kuliko urefu. Watoto wengi waliozaliwa kabla ya siku hufanya hivyo, alisema, wanajaza kwanza tumbo na mashavu, mfupa na nyama vinafuata kwa mwendo wao.

"Ni vizuri au ni vibaya?" niliuliza.

"Ni vizuri. Tuangalie tu."

Nilichukua "ni vizuri" nikaliacha lile lingine. Mwezi wa saba mama mkwe alikuja nyumbani kwangu bila kuitwa, akampapasa Omena tumboni, akatoa uzi wa shanga uliokuwa umefungwa kwenye ncha ya leso yake. Aliufunga kiunoni mwake. Nililia baada ya yeye kuondoka. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, niliupima uzi ule kwa vidole, na jioni nikapata nafasi ya kumshika mtoto wa nyieka nikaupima wake. Wake ulizidi kwa vidole vitatu.

Mwaka ulipokwisha nyieka alikuwa mjamzito tena. Nilijua kabla hajasema, kwa jinsi alivyoacha kula vitunguu. Mume wetu alikuwa amelala kwake zaidi msimu ule, na sasa sababu ilionekana. Mimi nilikuwa bado na maziwa yangu haba na mtoto wangu wa omena.

Kwetu mama akishika mimba hamnyonyeshi tena mtoto mkubwa. Wanasema maziwa yameharibika na mtoto atapata ledho, ugonjwa wa kukonda na kuharisha. Kwa hiyo yule mtoto aliyekuwa akimwagikiwa na maziwa aliachishwa kwa siku moja. Nyieka alijipaka pilipili kwenye matiti. Mtoto alipewa uji wa muhogo asubuhi, uji wa muhogo mchana, ugali na mchuzi wa mboga jioni. Alikula, na alikula sana. Kila mtu aliona bakuli likiisha.

Mimi kila jioni nilikuwa nikitwanga omena. Mama yangu alinitumia kutoka Sindo kila alipopata mtu wa kuja, nami niliweka unga wake ndani ya mkebe wa majani ya chai, chini ya kitanda. Nyieka alisikia harufu.

"Unamtilia nini kwenye uji?"

"Chumvi kidogo."

"Chumvi inanuka samaki?"

"Ni sufuria," nilisema. "Sikuiosha vizuri."

Alicheka. Aliniamini, au aliamua kuniamini.

Niliyoyaona baada ya hapo nayaandika kwa mpangilio wake. Kwanza mtoto wake alinyamaza. Hakufuata kuku tena. Pili, nywele zake zililainika na kuwa na rangi ya hudhurungi, kama nyasi za kiangazi. Tatu, mikono ilikonda juu, karibu na bega, lakini hakuna aliyeona kwa sababu ya la nne: mashavu yalijaa. Uso ulikuwa wa duara, unang'aa. Na shanga zikakaza. Mama mkwe aliongeza uzi, na baada ya wiki mbili akaongeza tena.

"Mwaona?" alisema akiwa na uzi mdomoni, anaukata kwa meno. "Amekataa kukonda. Ledho imempita mbali huyu. Analeta mwili."

Nilimtazama mtoto. Macho yake hayakuwa ya mtu anayeleta mwili. Siku iliyofuata alikuwa amelazwa mkekani mbele ya nyumba ya mama yake, miguuni soksi nyeupe, alama ya mpira wa soksi ikiwa imezama kwenye ngozi. Nilivua soksi moja. Nikaweka kidole gumba.

Nilipoinua kichwa nyieka alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mahindi. Nyuma yake nyumba ilikuwa na giza, mbele yake mimi nilikuwa na jua machoni. Sikuuona uso wake. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Nilikuwa nimeshashika soksi.

"Soksi inambana," nilisema.

"Amenenepa," alisema, akaanza kupepeta.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema pale pale, na nina jibu moja zuri. Kwetu kuna jicho baya. Mtu mwenye wivu akimtazama mtoto au chakula, kitu kinaingia mwilini na kudhuru, na wa kwanza kushukiwa siku zote ni mke mwenza. Ningesema "mwanao anavimba", swali lingekuwa: umemtazamaje mpaka ukaona? Jibu hili ni la kweli na watu wa kwetu wakilisikia hutikisa kichwa kwa huruma. Lakini nilikuwa na daftari, na daftari la siku ile limeandikwa: *juu ya mguu, kishimo*, na chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, *kwa hiyo si mafuta*. Nilipoandika maneno hayo nilisikia raha. Mwaka mzima nilikuwa nimeshindwa na mwili ule, na sasa nilijua kwamba mwili ule ni maji.

Siku ya tano ilikuwa ya kliniki. Foleni ilifika barabarani. Nyieka alikuwa mbele yangu. Mtoto wake alining'inizwa na soksi zake, mshale ukasogea, muuguzi akatia nukta bila kuinua kichwa: imepanda. "Vizuri, mama. Anayefuata." Aliyefuata nilikuwa mimi. Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa muuguzi bega. Maneno yaliyohitajika yalikuwa matatu, bonyeza mguu wake. Nilimvua Omena kaptura yake, nikamvisha ile ya mizani, nikangoja nukta yangu. Ilikuwa chini ya ile ya kwake.

Siku ya sita, ya saba na ya nane nilitwanga omena.

Siku ya tisa nyieka alivuka ua akiwa na kadi mkononi na mtoto mgongoni. Alikaa kwenye kigoda changu. Alikuwa na furaha, lakini alikuwa amechoka pia, mimba ilimkalia vibaya.

"Nisomee. Nilisahau kukuuliza."

Nilisoma. "Uzito umepanda."

"Kwa hiyo yuko sawa."

Nilikunja kadi, nikamrudishia. Alimgeuza mtoto akampakata. Mtoto aliegemeza kichwa kifuani kwake kama mzee, na kwenye kiganja cha mkono wake niliona ngozi imeanza kubanduka. Omena alikuwa ameketi kati yetu, akampa mwenzake kifuniko cha sufuria alichokuwa akichezea. Yule hakukipokea. Hakukitazama hata.

"Nyieka," aliniambia, "mbona sasa halii? Zamani alikuwa analia nikimweka chini."

Hapo ndipo niliposema. Nilisema mizani haijui maji, nikamvua mtoto soksi, nikamwonyesha. Kishimo cha siku ya tisa kilikuwa kirefu kuliko cha siku ya kwanza. Alikitazama mpaka kikajaa, kisha akanitazama mimi.

"Umejua lini?"

"Nimeona sasa hivi tu," nilisema.

Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akaniomba nimwangalizie mabinti, na kabla ya mchana alikuwa njiani kwenda Migori. Alikaa hospitalini wiki tatu na siku mbili. Nilimtumia mkebe wa unga wa omena, wote. Walimwambia kule yale yale niliyoambiwa mimi Homa Bay, kuhusu uji, na kuhusu kuachisha mtoto ghafla.

Mtoto alirudi mzima na mdogo sana. Maji yalikuwa yamemtoka na chini yake hapakuwa na kitu, mbavu tu na magoti. Shanga zilikuwa zikishuka mpaka kwenye nyonga. Mizani ya zahanati sasa ilisema kweli, na kweli hiyo ilikuwa kwamba Omena alimzidi kwa gramu mia sita. Nilikuwa nimeingoja nukta ile kwa zaidi ya mwaka. Ilipofika ilikuta boma lote liko kwa nyieka. Mama mkwe alimchinjia yule mtoto kuku na kumnywesha mchuzi kwa kijiko. Mume wetu alimbeba begani kutwa. Omena, mnene, mwenye shanga zinazokaza, alikaa peke yake mkekani akigonga kifuniko. Nilimwonea wivu mtoto yule hata kwa ugonjwa wake.

Mama mkwe alisema jicho la mtu lilikuwa limemwingia. Alisema hivyo akitazama nyumba yangu. Nyieka alimjibu mbele ya watu wote:

"Mama, acha. Nyar Sindo ndiye aliyeona. Bila macho yake ningekuwa nimezika."

Basi nikasifiwa. Wanawake wa kanisani walinishika mikono. Hata mume wetu alisema kumbe ile elimu ina kazi. Nilipokea yote. Niliuchana ule ukurasa wa kishimo kwenye daftari lakini sikuutupa, niliukunja nikauweka ndani ya kadi ya kliniki ya Omena, na uko humo mpaka leo.

Watoto wale wawili walikua. Wa nyieka alirudi kuwa mrefu, na kufikia darasa la tatu alimpita Omena kwa kichwa. Omena amebaki mfupi, mwenye tumbo. Nilimtazama yule mrefu kila siku akipita ua, na kila siku nilipima.

Miaka mitatu baada ya ugonjwa ule nilijifungua tena, kwa wakati wake safari hii, msichana, kilo tatu na nusu, mwenye mikunjo. Nyieka ndiye aliyekuja kumwogesha siku ya kwanza niliporudi nyumbani, kama ilivyo desturi. Alimwogesha vizuri, akamkausha, akampaka mafuta. Kisha, kabla ya kunirudishia, aliushika mguu wa kulia wa binti yangu, akaweka kidole gumba upande wa juu, nyuma kidogo ya vidole. Alihesabu kwa midomo bila sauti. Akafanya vivyo hivyo kwa mguu wa kushoto. Hapakuwa na kishimo.

"Huyu tunamwangalia mapema," alisema, akaniwekea mtoto mapajani.

Alikuwa akitabasamu. Aliinua beseni, akamwaga maji nje, akaenda kwake. Tumeishi ng'ambo ya ua mmoja tangu siku hiyo, tumezika mume pamoja, tumeozesha binti zake. Sijamuuliza kama siku ile aliposimama mlangoni na ungo alikuwa amefika kabla ya kidole changu au baada yake.